Uzi: Msumeno wa maita, jinsi ya kunyoosha pembe zake na kuutumia bila kuacha kidole mezani

Seremala wa Makambako (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwa muda sasa nimekuwa nikiulizwa na vijana wanaonunua msumeno wa maita kwa mara ya kwanza kwa nini fremu zao hazifungi kwenye kona, na mara nyingine swali hilo huja likiambatana na picha ya kidole kilichofungwa bandeji. Nimegundua kwamba maswali hayo mawili yana jibu linalofanana, ndiyo maana nayaandikia uzi mmoja. Mbao ikisogea milimita moja wakati inakatwa, pembe imeharibika. Ikisogea zaidi ya hapo, inaondoka na mkono ulioishika. Karibu kila nitakachoandika hapa chini ni njia ya kuifanya mbao itulie.

Kwa wasioufahamu, msumeno wa maita ni ile mashine yenye bledi ya mviringo iliyofungwa kwenye mkono unaoshuka juu ya mbao. Chini yake kuna meza inayozunguka kushoto na kulia ili kupata pembe, na nyuma ya meza kuna ukingo wa chuma ambao mbao huegemezwa. Baadhi yake hulaza kichwa, yaani mota pamoja na bledi yake, pembeni, na baadhi huteleza mbele na nyuma kwenye reli ili kukata ubao mpana. Bledi zinazopatikana sana ni za kipenyo cha milimita 210 au 216, 254 na 305. Kwa kazi nyingi za huku kwetu, yaani fremu za milango, skating (ubao wa chini ya ukuta), konisi (urembo wa ukuta unapokutana na dari), papi na vipande vya kenchi, mashine ya milimita 254 inatosha, ila ujue kwamba ubao wa inchi 8 hauwezi kuumaliza kwa mkato mmoja kama mashine yako haitelezi. Msumeno huu ni wa kukatisha mbao. Kupasua mbao kwa urefu wake ni kazi ya msumeno wa meza, na anayejaribu kuifanya kwenye maita anatafuta balaa.

Nitoe dukuduku moja kabla sijaendelea. Wapo wanaoona maita ni gharama, wakaamua kufunga bledi yenye meno ya mbao kwenye grenda. Grenda ndogo huzunguka takribani mara 11,000 kwa dakika, haina meza wala ukingo, na kinga yake imetengenezwa kwa ajili ya diski ya kusagia. Jino likinasa kwenye mbao, mashine yote huruka kuelekea kwenye paja au shingo ya aliyeishika. Kama fedha haijatosha, msumeno wa mkono na kisanduku cha kuongozea pembe vitakupa kona nzuri kuliko hiyo grenda.

Mahali pa kuiweka. Fundi mpya huiweka mashine sakafuni, akachuchumaa, akashika mbao kwa mguu. Tafadhali ipandishe kwenye meza imara yenye kimo cha kiuno na uifunge kwa bolti nne kupitia matundu yaliyomo kwenye miguu yake. Kisha utengeneze vishikizo viwili, kushoto na kulia, vyenye kimo kilekile cha meza ya msumeno, si cha meza uliyoiwekea msumeno. Vipande vya 2x4 vinatosha kabisa kwa kazi hiyo. Mbao ya futi 12 ina urefu wa mita 3.66, na ikiwa nusu yake inaning'inia hewani, itainama kwa uzito wake bledi inapokaribia kuimaliza. Inapoinama, mdomo wa mkato hujifunga na kuibana bledi, mashine huruka juu, na wewe unalaumu bledi kuwa ni butu. Nililaumu bledi kwa mwaka mzima kabla sijatengeneza vishikizo.

Umeme. Mashine ya wati 1,800 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta karibu ampea 8. Waya mwembamba wa taa hauwezi kubeba mzigo huo kwa usalama: hupata moto, volti hushuka, mota huzunguka kwa uvivu na mwishowe huungua. Tumia waya wa kurefushia wenye milimita za mraba 2.5, na uukunjue wote hata kama unahitaji mita tano tu, kwa sababu waya uliozungushwa kwenye roli hujipasha joto wenyewe. Mashine za mitumba zilizotoka Marekani hutaka volti 120, kwa hiyo usome kibati chake kabla ya kuichomeka. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, achia swichi, chomoa plagi, ndipo uende kunywa chai. Umeme hurudi bila kupiga hodi.

Bledi. Plagi iwe imechomolewa, na uiweke mahali unapoiona. Kwenye misumeno mingi ya maita bolti inayoshika bledi ina uzi wa kushoto, kwa hiyo hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea upande wa saa, kinyume cha bolti nyingine. Wengi wameharibu kichwa cha bolti kwa kulazimisha. Mshale uliochorwa kwenye bledi uelekee sawa na mshale ulio kwenye kinga yake. Tundu la katikati nalo lilingane na mhimili. Yapo ya milimita 30, yapo ya 25.4, na hata ya 16, na pete ya kupunguzia iwe ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si kipande cha bati ulichokikata mwenyewe. Angalia pia kwamba mizunguko iliyoandikwa kwenye bledi haipungui ile ya mashine. Bledi ya milimita 254 ikizunguka mara 4,800 kwa dakika, ncha za meno yake husafiri mita 64 hivi kwa sekunde, sawa na kilomita 230 kwa saa. Jino lililolegea likichomoka kwa kasi hiyo, hutakuwa na muda wa kukwepa.

Kuhusu idadi ya meno, bledi ya meno 24 hadi 40 hukata haraka na kuacha uso wenye nyuzi, ilhali ya meno 60 hadi 80 hukata polepole na kuacha uso laini unaofaa kwa kona za fremu. Lakini jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni mwinamo wa jino. Bledi za kupasulia zina meno yaliyoinama mbele sana, digrii 15 hadi 20, na kwenye maita huivuta mbao na kuiparamia. Tafuta bledi yenye mwinamo mdogo au ulio chini ya sifuri, ambayo mara nyingi huandikwa kati ya digrii -5 na 7.

Kunyoosha pembe. Hapa ndipo ninapowaomba mtulie, kwa sababu msumeno mpya kutoka kwenye boksi mara nyingi haujanyooka, hasa ukiwa umesafiri kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam hadi huku.

Anza na skwea yenyewe, kile kipimo chenye umbo la L cha kupimia pembe ya digrii 90. Iegemeze kwenye ubao ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, uchore tena kutoka kwenye nukta ileile. Mistari ikilaliana, skwea ni ya kweli. Ikiachana, itupe au uifanye ya kuchorea tu. Nilipofanya jaribio hili kwa skwea zangu nne, mbili zilikuwa waongo.

Plagi ikiwa bado imechomolewa, weka meza kwenye sifuri, shusha kichwa na ukifunge chini kwa pini yake, kisha uweke skwea kati ya ukingo wa nyuma na uso wa bledi. Mguu wa skwea uguse bati la bledi katikati ya jino na jino, kwa maana meno ni manene kuliko bati na yakiguswa yatakudanganya. Kama kuna mwanga unaopita, legeza bolti za ukingo kwa spana ya L, usogeze ukingo hadi mwanga upotee, kisha ukaze bolti kidogo kidogo kwa kupokezana, maana ukiimaliza moja kwanza itauvuta ukingo. Rudia kati ya meza na bledi ili kuhakikisha kichwa kimesimama wima. Hapo marekebisho yako kwenye skrubu ndogo ya kituo, ile inayokizuia kichwa kinapofika wima, iliyo nyuma, karibu na mahali kichwa kinapolalia.

Skwea ikishamaliza kazi yake, thibitisha kwa mbao. Chukua ubao wa inchi 6 uliopigwa randa pande zote mbili ukawa na upana uleule mwanzo hadi mwisho. Ukate katikati. Kipande kimoja ukiache, cha pili ukipindue ili uso wa juu uwe chini na ukingo uliokuwa nyuma uje mbele, kisha uviunganishe tena huku vyote viwili vimeegemea ukingo wa msumeno. Pengo unaloliona ni kosa lililozidishwa mara mbili. Tuseme pengo ni milimita 1 upande mmoja: kosa halisi ni nusu milimita katika upana wa milimita 150, yaani takribani digrii 0.2. Utasema ni kitu kidogo. Fremu ya kona nne ina mikato minane, na ikiwa kila mkato una kosa hilo kuelekea upande uleule, jumla ni digrii 1.6, na zote hukimbilia kona ya mwisho. Kwenye fremu yenye upana wa milimita 70, kona hiyo itaachama karibu milimita 3. Hiyo ndiyo kona mnayoijaza gundi na unga wa mbao, mkimwambia mteja kwamba rangi itaificha.

Vituo vya pembe, yaani mahali meza inapojifunga yenyewe ikizungushwa, ambavyo kwa kawaida ni 15, 22.5, 30 na 45, hufuata sifuri ikishakuwa sahihi. Kwa konisi na skating, hata hivyo, usiziamini 45 mbili kwa upofu. Nyumba zetu nyingi zina kona za digrii 88 au 92, kwa hiyo pima kona ya ukuta wenyewe, ugawe kwa mbili, ukate kwa pembe hiyo.

Kukata. Tazama mwelekeo wa bledi. Meno ya mbele yanashuka, na yakiwa chini yanasafiri kutoka kwako kuelekea ukingo wa nyuma. Bledi yenyewe inaisukuma mbao dhidi ya meza na dhidi ya ukingo. Mbao ikiwa imeegemea vizuri, nguvu hiyo ni rafiki yako. Ikiwa kuna nafasi kati ya mbao na ukingo, bledi itaitupa mbao kwenye nafasi hiyo, na kidole kilichoishika kitafuata. Kwa sababu hiyo mbao iliyopinda huwekwa ikiwa mgongo wake uliotuna umegusa ukingo pale bledi inapopita. Na kwa sababu hiyohiyo haikatwi mbao yoyote iliyoshikwa hewani, hata kipisi cha kuni.

Mkono unaoshika mbao ukae umbali usiopungua milimita 150 kutoka njia ya bledi, ambayo ni kama shibiri ndogo. Kipande kikiwa kifupi kiasi kwamba huwezi kuuacha umbali huo, kifunge kwa klampu, au ukate kutoka kwenye mbao ndefu. Mikono isipishane: usishike swichi kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukivuka mbele ya bledi kushika upande wa kulia. Washa, subiri bledi ifikie kasi yake kamili, shusha taratibu, maliza mkato, achia swichi, na usubiri bledi isimame kabisa ikiwa bado chini. Kuinua bledi inayozunguka ndiko kunakoibeba mbao na kurusha vipisi.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili nilipokuwa nakata vipande vya inchi 4 kutoka kwenye papi ya 2x2. Nilikuwa nimeweka kizuizi cha kupimia upande wa kulia, kipisi kikawa kimebanwa kati ya kizuizi na bledi. Nilipoinua bledi kabla haijasimama, ilikinyakua, ikakipiga kwenye kinga, kikaruka na kunipasua juu ya nyusi. Miwani niliyokuwa nimeiacha msumarini siku hiyo ingekuwa na kazi. Tangu hapo kizuizi changu hukaa upande ninaoushika tu, na kipande kinachokatika hubaki huru kuanguka.

Karibuni kwa maswali.

---

Mwana Uyole

Ahsante sana, kaka, kwa somo refu. Mashine yangu ni ya kuteleza, ya milimita 254, niliinunua mwaka jana. Ninapokata ubao wa inchi 8 huwa naanzia nyuma karibu na ukingo, nashusha, kisha navuta kuja kwangu. Mara kadhaa imenijia kwa nguvu mpaka nikaiachia. Je, ni bledi au ni mimi?

Seremala wa Makambako

Ni wewe, kaka, na ninashukuru umeuliza kabla hujaumia. Ukivuta kuja kwako huku bledi imezama, meno yanatembea juu ya mbao kama magurudumu, na mashine yote hukurukia. Fanya kinyume. Mota ikiwa imezimwa, vuta kichwa mpaka mbele ya ubao, washa, ikifikia kasi, shusha, kisha sukuma kurudi nyuma kuelekea ukingo. Hivyo bledi inausukuma ubao kwenye ukingo wakati wote. Kwa mbao nyembamba zisizohitaji kutelezesha, rudisha kichwa nyuma, ufunge reli, na uikate kwa kushusha tu.

---

Mzee wa Randa

Nimeusoma uzi wote, na mengi yaliyosemwa ni ya kweli. Nina neno moja tu kwa kijana aliyeuanzisha: umeeleza mashine kwa ufundi, lakini hujaieleza mbao.

Mbao nyingi za paini zinazouzwa kuanzia Mafinga hadi Njombe hutoka msituni, zikapasuliwa kwa dingdong (mashine ya kupasulia magogo), zikapakiwa kwenye lori zikiwa bado zinatoa maji. Fundi huzikata siku hiyohiyo, kona zinafungana vizuri, mteja anafurahi, na baada ya miezi miwili kona zimeachama. Mbao inapokauka hupungua upana wake, wakati urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ukishapunguza upana bila kupunguza urefu, ile 45 yako si 45 tena. Imekuwa kali zaidi, na kiungo hufunguka upande wa ndani wa fremu. Ukiona pengo limeanzia kona ya ndani, mbao yako ilikatwa mbichi. Likianzia kona ya nje, ilikatwa kavu ikavuta unyevu. Kabla ya kugusa bolti za ukingo, tazama kwanza pengo liko wapi.

Zipange mbao zako chini ya paa, zikiwa zimeinuliwa kutoka ardhini, na katikati ya kila tabaka uweke vijiti vya unene wa inchi moja ili upepo upite. Masika ya huku ni marefu, kwa hiyo mbao za Machi zinahitaji subira kuliko za Agosti. Mbao mbichi pia hubana bledi na kuipaka utomvu, na bledi yenye utomvu hupata joto na kuchoma mbao hata kama meno yake bado ni makali. Kabla hujaipeleka kunolewa, ivue, uifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mbali na moto, uikaushe kabisa, ndipo uirudishe.

La mwisho ni baridi. Mwezi wa 6 na wa 7 nimewaona mafundi wakikata mbao wakiwa na glavu za sufi, koti lenye kamba zinazoning'inia, na skafu shingoni. Ninajua baridi ya Njombe, nimezeeka nayo. Lakini glavu ikiguswa na jino moja huvutwa pamoja na mkono uliomo, wakati mkono mtupu una nafasi ya kupona kwa mkwaruzo. Vaeni sweta linalobana mwili, mikono ikunjwe hadi kwenye kiwiko, na motoni mwende kabla ya kukata.

Seremala wa Makambako

Shikamoo, mzee wangu. Nimekubali. Hilo la kutazama pengo limeanzia wapi sikuwahi kuliweka kwa maneno, ingawa nimeliona mara nyingi kwenye fremu zangu mwenyewe.

---

Fundi Mwanjelwa

Mimi naomba kutofautiana kidogo. Ile kinga ya plastiki ya chini inaziba mstari. Nimeifunga kwa waya iwe juu muda wote na ninakata vizuri kabisa. Nina miaka sita sijaumia.

Seremala wa Makambako

Ndugu fundi, sikukatalii kwamba kinga inaziba, hasa ikishashika vumbi na utomvu. Isafishe kwa maji ya sabuni utaona tofauti. Lakini hata ikiwa chafu, hauhitaji kuuona mstari wakati bledi inazunguka. Chukua kipande cha ubao mwembamba ulionyooka, ukifunge kwa skrubu mbele ya ukingo wa nyuma kupitia matundu yaliyopo, kisha ukate mara moja hadi bledi ipite kwenye kipande hicho. Mfereji uliobaki ndio njia halisi ya bledi yako, kwa unene uleule wa meno. Kuanzia hapo unalinganisha alama ya penseli na ukingo wa mfereji mota ikiwa imezimwa kabisa, unashika, unakata. Faida ya ziada ni kwamba kipande hicho huzuia nyuzi kuchanika upande wa nyuma, na vipisi vidogo havipati pengo la kudumbukia. Ukibadili pembe, badili kipande.

Kinga iliyofungwa kwa waya haikudhuru unapokata. Hukudhuru baada ya kukata, pale unapoinua kichwa, bledi bado inajizungukia yenyewe kwa sekunde kadhaa, na wewe umeshapeleka mkono kuchukua kipande.

Fundi Mwanjelwa

Hilo la mfereji nitalijaribu. Waya nitautoa.

---

Mama Karakana, Kihesa

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi si fundi wa kushika msumeno, ila nina karakana ya samani hapa Iringa na vijana watatu. Ninaomba kuuliza mambo mawili. Kwanza, jenereta yangu ya kVA 2.5 inazima kila wanapowasha maita ya wati 1,800, ingawa hesabu inaonyesha inatosha. Pili, vijana wanakataa barakoa wakisema vumbi la mbao ni la asili na halina madhara.

Seremala wa Makambako

Karibu sana, dada. Kuhusu jenereta, mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko ulioandikwa kwenye kibati, mara mbili au hata zaidi, kwa muda mfupi. Ukitafuta jenereta, hesabu angalau mara mbili ya wati za mashine, na taa na redio ziwe kwenye laini nyingine. Zipo pia mashine zinazoanza polepole zenyewe; hizo huisumbua jenereta kidogo.

Kuhusu vumbi, waambie vijana kwamba shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1995, hasa saratani ya pua na mianzi yake. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia maranda na kuyaacha yale mavumbi laini yapite. Tafuta barakoa zinazokaza usoni na zilizotengenezwa kwa vumbi, fungeni mfuko au bomba la kufyonzea nyuma ya mashine, na kazi ya kukata ifanyike upande ambao upepo unatoka nje. MDF, yaani mbao za nyuzi zilizoshindiliwa kwa gundi, huongeza gundi kwenye vumbi, kwa hiyo ni mbaya zaidi. Usisahau masikio: msumeno huu mara nyingi hupiga kelele karibu na desibeli 100, wakati wataalamu huanza kutaka kinga kwenye 85.

Kwa kuwa umeajiri, ukague pia kama karakana yako imesajiliwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na kama vijana wako wamo kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Fanya hivyo kabla ajali haijatokea.

Mhudumu wa Mufindi

Naongezea upande wangu wa hospitali, kwa kuwa tunawapokea. Mtu akikatwa, chomoa mashine, bana jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu bila kuachia kila mara ili kuchungulia, na uinue mkono juu ya kifua. Kama kidole kimekatika kabisa, kitafuteni. Kifungeni kwenye kitambaa safi kilicholowanishwa kidogo kwa maji safi, mkitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Msikiweke kidole moja kwa moja kwenye barafu wala kwenye maji, na msimwagie mgonjwa mafuta ya taa, majivu au unga wa kahawa. Barafu mtaipata kwa wauza soda au samaki. Pigeni simu kabla ya kuondoka ili mjue ni hospitali gani yenye daktari wa upasuaji siku hiyo, kwa sababu kutoka Mafinga hadi Iringa mjini ni kiasi cha kilomita 80, na kuzunguka vituo viwili vitatu kunakula muda ambao kidole hakina.

---

Mwana Uyole

Ninarejesha majibu, wakuu. Leo nimefanya jaribio la kupindua kipande. Pengo lilikuwa milimita 2 kamili kwenye ubao wa inchi 6. Nimelegeza ukingo, nimerudia mara tatu, na sasa karatasi ya daftari haipiti. Bolti ya bledi ilinitesa nusu saa mpaka nikakumbuka inafunguka kuelekea upande wa saa. Ila nilipolaza kichwa kwenye 45 nikakata, kinga iligonga ukingo wa nyuma. Nimekosea wapi?

Seremala wa Makambako

Hujakosea pembe, kaka. Sehemu ya juu ya ukingo kwenye mashine nyingi za aina hiyo husogea pembeni. Kabla ya kulaza kichwa, legeza kitasa chake, uivute mbali na bledi, ukaze, kisha ushushe kichwa kwa mkono plagi ikiwa imechomolewa uone kama kinapita bila kugusa kitu. Ukimaliza uirudishe, kwa sababu ukiiacha mbali, vipande vifupi havitakuwa na kitu cha kuegemea karibu na bledi. Na kama huwa unaibeba mashine kwenda saiti, rudia lile jaribio la kupindua kila unapoishusha kwenye pikipiki.